Landry, Kijana Aliyepangiwa Kuanguka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti karibu na redio, na aliye jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka Landry wa Handsworth, hapa hapa Birmingham, mwanamieleka, mtoto wa pekee wa Mama Nabintu. Amefariki akiwa na miaka ishirini na moja. Ishirini na moja tu, jamani.

Mama Nabintu wengi mnamjua. Ndiye yule wa kwaya, mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Vita vilipowafukuza Bukavu, alimshika Landry mkono, na hakuuachia mpaka walipofika Birmingham. "Hata ku choo nilikuwa namufuata," husema mwenyewe.

Mtoto akakua, akawa na mabega ya kubeba kabati. Mama alitaka awe nesi. Yeye akaenda zake Stechford, kwenye chuo cha mieleka cha Bwana Surjit, ghala la zamani lenye ulingo katikati. Ni mieleka ile ya televisheni, ya kurushana huku watu wakishangilia. Wakongo huiita catch.

Sasa sikilizeni desturi ya kazi hiyo. Mshindi hupangwa mapema. Kampuni kubwa ikija mjini na nyota wake, huomba chipukizi kutoka vyuo kama cha Surjit, ili nyota apate wa kumwangusha. Chipukizi akianguka vizuri, huenda akaajiriwa. Narudia: kazi ya Landry ilikuwa kushindwa, na kushindwa vizuri. Mimi jambo hilo haliniingii akilini hadi leo, lakini ndivyo lilivyo.

Mwaka huu wa 2006 kampuni ikaja, na Landry akachaguliwa. Mama akatangaza kanisani. Lo! Kanisa zima likafunga na kuomba ili Landry amwangushe lile jitu. Wakakodi basi, wakapakia na ngoma. Landry akabaki ameshika kichwa. Siri ya ulingo haitolewi, lakini angemwacha vipi mama yake ajionee vile bila kumwandaa? Asubuhi ya siku yenyewe akamkalisha jikoni.

"Maman, leo nitaanguka. Tumeshapanga. It's just work."

"Na ile maombi yote?"

"Omba nianguke muzuri. Ukiniona nimelala, usilie. Usikuje ku ulingo. Na usiambie mutu."

Mama akacheka mpaka akashika meza. Tangu Bukavu hofu haikuwa imemtoka, na asubuhi ile ikamtoka. Anasema alikula akashiba kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jioni ukumbi ukafurika. Landry akaingia, akamtafuta mama kwa macho, akamkonyezea. Nyota akambeba juu, akamgeuza, akamtupa. Mguu wa nyota ukateleza, na Landry akaangukia shingo. Hakuna aliyekusudia. Akalala kimya.

Kanisa likasimama. Mama Nabintu, mwenye siri, akawageukia. "Mukae! Mukae! Iko sawa!" Akapiga makofi. Alipiga makofi, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu mwanawe alikuwa ameanguka vizuri sana.

Refa akapiga magoti, akamshika Landry mkono, akangoja ajibu kwa kumfinya vidole. Hakujibu. Refa akasimama, akainua mikono miwili na kuipishanisha juu ya kichwa. Kwa wanamieleka alama hiyo ina maana moja tu: huyu ameumia kweli, leteni daktari. Kanisa lingejuaje? Liliona msalaba. Likaitikia kwa sauti moja, "Amina!" Na Mama Nabintu naye akainua mikono yake, akaipishanisha vilevile.

Wakamtoa Landry kwa machela. Mama akabaki kitini. Si ameambiwa asiende? Akakaa hapo hapo, akiwapungia mkono watu wa kanisa waliotangulia kwenye basi, hadi Bwana Surjit alipomjia. Mama akamwahi kwa tabasamu, na kwa Kiingereza chake cha madukani Soho Road akamwuliza kama kijana amefanya vizuri. Surjit akamchukua kwa gari lake hadi hospitali.

Landry alifariki hospitalini Jumanne, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama, kama njiani ile kutoka Bukavu. Nilikwenda kumpa pole juzi. Hamlaumu mtu. Alinitazama, akasema, "Alinielezea yote. Ile alama ya mikono tu njo alisahau." Nilimshikia kikombe cha chai mpaka kikapoa.

Mama Nabintu, pole sana. Poleni wanakwaya, poleni Bwana Surjit na wanafunzi wako wa Stechford. Hata wewe nyota, uliyelala kwenye sakafu ya hospitali ukingoja habari, pole. Mungu ampokee Landry, na amshike mama yake pale sisi tusipofika.

Nasi tuliobaki tujiulize. Watoto wetu hapa wanafanya kazi tusizozijua, na wakituambia iko sawa, tunapiga makofi. Leo ukimpigia wako simu, ukishamwuliza kama amekula, mwulize na hili: siku ukiumia kweli, mimi nitajuaje? Akikujibu kwa Kiingereza, mwambie arudie, mpaka uelewe.