Mzee Lala Kwanza na Gari Lililoshindwa Getini

"Baba, panda."

"Sipandi."

"Mlango uko wazi, stuli hii hapa, mimi nakushika mk—"

"Nimeshasema si—"

"—nakushika mkono, ni mara moja tu, unajivuta—"

"Mtu anaingia kwenye gari! Hajivuti! Kwani hilo ni ghorofa?"

Wasikilizaji wapendwa, hao ni baba na binti yake. Ugomvi huo ulisikika miezi mitano, karibu kila asubuhi, kwenye yadi moja ya magari. Nimesimuliwa na mke wa mzee, ambaye anaigiza sauti zote mbili vizuri kuliko wenyewe. Na huyo baba ndiye tunayemkumbuka leo. Amefariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja, kitandani kwake, kwenye nyumba iliyo nyuma ya yadi hiyohiyo. Jina la kwenye vyeti tuwaachie wenye vyeti. Mtaani aliitwa Mzee Lala Kwanza.

Alikuwa muuza magari. Lakini si magari yote. Aliuza stesheni wagoni tu. Vijana mnaonisikiliza, stesheni wagoni ni lile gari refu la chini, ambalo buti lake halikukatwa, limeungana na viti. Ukilaza viti vya nyuma unapata kama chumba. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: mzee aliuza magari marefu ya chini, miaka thelathini na minne, wala hakutaka kusikia gari jingine.

Mapenzi hayo yalianzia kwa dada yake mkubwa. Mama yao alifariki mzee akiwa na miaka kumi na mmoja. Dada alikuwa na kumi na tisa, fundi cherehani, anashona sare za shule na kuzisambaza kwa stesheni wagoni kuukuu la bosi wake. Kuna siku mwenye nyumba akabadilisha kufuli. Wale wawili wakalala kwenye lile gari majuma matatu. Viti vimelazwa, sare ndiyo godoro, sketi ndiyo mto.

Nilimpigia simu dada huyo. Sauti yake ni ndogo siku hizi, lakini maneno bado makubwa.

"Alikuwa ananipiga mateke usingizini kama punda," aliniambia. "Lakini miguu yetu ilinyooka, mwanangu. Unaijua raha ya kunyoosha miguu siku ambayo huna pa kwenda?"

Basi kijana akakua, akaenda mji mwingine kutafuta maisha. Siku ya kuondoka dada akamtania: "Nenda. Ila ukija kwangu na gari la mtu, usipige hodi. Njoo na lako."

Dada alicheka. Mdogo wake hakucheka. Aliliweka hilo neno kichwani kama mtu anavyoweka hati ya nyumba.

Na kweli, kila alipokwenda kwa dada alikwenda na gari lake. Refu, la chini, limepigwa maji mpaka linang'aa.

Sasa jina. Mteja akiingia yadini anauliza bei, mzee anafungua mlango wa nyuma, analaza viti, anasema, "Lala kwanza. Bei baadaye." Hakuna kulala, hakuna bei. Walilala maharusi. Alilala daktari na koti lake jeupe. Alilala mpiga ngoma wa bendi, na ngoma zake pembeni, akasinzia kweli.

Halafu kuna meneja wa benki. Huyu alikuja na mdomo. Injini mbovu, rangi mbovu, matairi mabovu. Mzee akamwambia lala kwanza. Meneja akalala ili yaishe. Mzee akafunga mlango wa nyuma, taratibu, kacha! Kitasa cha ndani hakikuwepo. Akainama kwenye kioo: "Sasa mheshimiwa, ulikuwa unasema injini ina nini?"

Meneja alinunua. Mkewe mzee anaapa kwamba alinunua kwa hiari, baada ya kufunguliwa. Tumwamini.

Wasikilizaji wapendwa, zama zikageuka. Mwalimu mmoja alikuja, akalala vizuri, akanyoosha miguu, akaamka, akajipangusa. "Mzee, nafasi safi kabisa. Lakini mke wangu anataka la juu. Anasema kwenye hili anaona matairi ya watu tu."

Mzee alidhani ni mke wa mwalimu peke yake. Kumbe ni wake wote. Na waume wao. Watu walitaka magari ya juu, yale yaliyoinuka kifua mbele kama askari wa gwaride. Ukiyafungua, buti ni fupi kuliko uso wa gari. Lakini unawaona wenzako kwa juu, na mashimo ya barabarani hayakugusi tumbo. Stesheni wagoni yadini zilikuwa kumi na mbili. Zikabaki nane. Zikabaki tatu. Likabaki moja, la kijani, ambalo mke wake aliliita mke mwenzangu. "Mimi nalala na mzee usiku," alikuwa anasema, "yeye analala naye mchana."

Binti ndiye aliyeleta magari ya juu. Huyu alikuwa amejifunza kuuza kwa baba yake, tangu akiwa anasimama juu ya ndoo ili kufuta vioo. Alileta matatu kwa majaribio. Hayakumaliza mwezi. Akaleta saba. Baba akamwachia ofisi, funguo na kalenda ya ukutani, akahamia kona ya nyuma na gari lake la kijani. Hakugomba. Alinuna. Na kununa kwa mzee yule, mkewe anasema, kulikuwa na umeme wake, ukikaribia nywele zinasimama.

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Watu wa barabara walikuja kutengeneza ile barabara ya mbele. Wakaiinua. Yadi ikabaki chini, barabara juu. Ikabidi getini pamwagwe zege, kilima cha kupandia. Binti hakutaka kupoteza nafasi ya gari hata moja kwenye mstari wa mbele, basi kilima kikawa kifupi na kikali. Fundi wa zege akajaribu kwa gari la juu. Likapanda kama mbuzi. Akajaribu la pili. Likapanda. Binti akamgeukia baba yake kule kona: "Baba, njoo uangalie. Iko sawa?"

Mzee hakuinua macho kwenye gazeti. "Fanyeni mnavyotaka."

Wakafanya walivyotaka. Zege likakauka.

Hakuna aliyekumbuka lile la kijani. Binti hakukumbuka. Fundi hakuambiwa. Na mwenye gari mwenyewe alikuwa amenuna.

Wiki ya tatu simu ikaja. Dada mkubwa ameanguka bafuni, mguu umevunjika juu karibu na nyonga, hainuki kitandani. "Mguu umenikatalia," dada alimwambia. "Njoo unione wakati bado naweza kukutukana."

Mzee akavaa shati la pasi. Akawasha gari. Akaja getini, akapanda kilima. Magurudumu ya mbele yakavuka. Kisha krrrr. Gari likakaa kwa tumbo juu ya zege, katikati kabisa, mbele halikanyagi, nyuma halikanyagi, linapepesuka kama mizani ya sokoni. Mpita njia mmoja akasimama: "Mzee, unaruka au unatua?"

Watu sita walilisukuma kurudi ndani. Walijaribu mbao. Walijaribu kinyumenyume. Walijaribu kutoa upepo wa matairi, wazo la ajabu sana, likawa chini zaidi. Gari lilikuwa refu mno na la chini mno kwa kilima kile. Halitoki.

Mzee akashuka, akafunga mlango, akasema mbele ya mafundi wote: "Kwa dada yangu nitakwenda na gari langu. Bila hivyo sitoki humu."

"Chukua teksi, baba."

"Gari la mtu."

"Nikupeleke na hili la kwangu."

"La kwako ni la mtu. Mtu ni wewe."

Basi akabaki. Miezi mitano, wasikilizaji. Miezi mitano hakuvuka geti lile. Asubuhi anatoka nyumbani kwa mlango wa nyuma, hatua ishirini, anaingia kwenye gari la kijani, anakaa. Magari ya juu yanakuja, yanapangwa. Kulia yapo, kushoto yapo, mbele yapo. Kutoka kwenye kiti kile cha chini alikuwa haoni kitu ila milango na matairi. Ule ule msemo wa mke wa mwalimu. Mbingu anaiona kipande, kama kiraka. Mchana akinyanyuka anakwenda na futi ya kupimia, anapima zege. Anarudi. Kesho anapima tena, utadhani usiku zege linakonda.

Simu za dada zilikuja kila Jumapili.

"Unakuja lini?"

"Nakuja. Gari lina tatizo dogo."

Miezi mitano tatizo dogo. Na kila Jumapili sauti ya dada inapungua kidogo. Mzee alikuwa anabana simu sikioni kwa mikono miwili.

Usidhani aliyefungiwa ni yeye peke yake. Binti yake ameniambia hivi: "Nilikuwa namwonyesha mteja gari huku naona kofia ya baba kupitia vioo vya magari mawili. Nashindwa kulisifu. Nalisifia kwa kunong'ona, kama naiba. Wateja wakadhani gari lina kasoro. Nikitaka kubomoa zege, yadi inafungwa mwezi mzima. Nisipobomoa, baba ananifia kwenye kona, na shangazi anakufa huko."

Wasikilizaji wapendwa, kawaida yangu pole huja mwisho. Leo nazitoa sasa hivi, kwa sababu mke wa mzee ameniomba nimalize na asubuhi moja tu, na baada yake nisiseme neno.

Pole mama, mke wa marehemu. Umebaki na mke mwenzako pale kona, mtunzane. Pole binti, na mafundi wote wa yadi. Pole dada mkubwa, unayetusikiliza kitandani, uliyekaa na mdogo wako siku nne mkicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ndiyo. Alifika.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize kitu kimoja. Ni lini mara ya mwisho umesema "fanyeni mnavyotaka" bila kuinua macho? Nenda leo kaangalie walifanya nini. Huenda zege bado halijakauka.

Sasa asubuhi yenyewe.

Ilikuwa Jumatatu. Jana yake dada hakupiga simu. Mzee alipopiga yeye, alipokea mjukuu, akasema bibi amechoka, hawezi kuongea.

Binti hakugombana na baba siku hiyo. Alifika na wanaume wanne na nyundo kubwa. Akafunga geti. Akabandika karatasi nje: TUMEFUNGA. Akavua viatu vyake vya ofisini, akavaa raba za fundi zilizomzidi, akachukua nyundo ya kwanza yeye mwenyewe. Akapiga. Kipande cha zege saizi ya kiganja kikaruka. Akapiga tena.

Mzee akatoka kwenye gari la kijani. Kila mtu akajua yanakuja matusi.

"Acha," akasema.

"Siachi, baba. Utatoka na gari lako. Hata yadi ife."

"Nimesema acha. Unapiga kama unaua mende."

Akapita katikati ya magari, polepole, goti moja bovu. Akasimama kwenye gari jeupe la juu, la mstari wa mbele. Akalizunguka. Akapiga tairi teke. Akafungua mlango wa nyuma, akalaza viti, akavuta kopo la rangi, akalikanyaga, akajivuta. Ndiyo, alijivuta. Akalala.

Magoti yakabaki juu. Miguu haikunyooka. Mafundi wakaangalia pembeni, mmoja anajing'ata mdomo. Mkewe alikuwa mlangoni na kikombe mkononi, chai ikapoa humohumo.

Mzee alikaa vile muda mrefu, anaangalia dari. Halafu akanyanyuka, akakaa ukingoni, miguu inaning'inia kama ya mtoto. Akavua kofia. Akamwangalia binti yake, lakini si kama anavyomwangalia mtoto wake. Alimwangalia kama mteja aliyeingia getini sasa hivi, asiyemjua mtu humu ndani.

"Dada, samahani," akasema. "Nina safari, na sina gari. Naomba uniuzie hili. Lisifu kwanza, kwa sauti, nisikie."