Joho la Lodi wa Thornmere

LETTICE: Haloo? Thornmere hapa. Ni nani mwenzangu?

AMBROSE: Mimi, dada.

LETTICE: Mimi nani? Laini inakwaruza kweli— Barnaby, shuka kwenye kiti, mbwa gani huyu asiyesikia.

AMBROSE: Ambrose. Mdogo wako. Hujambo?

LETTICE: Sijambo kiasi. Mvua imeingia tena maktaba, nimetega ndoo tatu. Uko wapi? Unasikika kama uko ndani ya pipa.

AMBROSE: Kibanda cha simu, ng'ambo ya Bunge. Nyumbani sipigi. Daphne anasikiliza kwenye simu ya ghorofani.

LETTICE: Mkeo hakuanza leo. Haya, umeshaipeleka?

AMBROSE: Nini?

LETTICE: Ambrose. Leo mwezi umetimia tangu baba afariki. Saa kumi na moja jioni ile ofisi inafungwa. Karatasi umeipeleka au hujaipeleka?

AMBROSE: Ninayo hapa. Mfuko wa ndani.

LETTICE: Umeisaini?

AMBROSE: Kalamu haikuwa na wino.

LETTICE: Mwezi mzima.

AMBROSE: Sasa ni saa kumi na robo tu, nina muda. Nilitaka nisikie sauti yako kwanza.

LETTICE: Sauti yangu inasema saini. Ukisaini, ulodi wa baba umeukana maisha yako yote, unabaki mbunge wa kuchaguliwa wa Wexcombe kule Bunge la Makabwela. Usiposaini, wewe ni Lodi wa Thornmere wa kumi na mbili, unahamia Bunge la Malodi, la wenye vyeo vya kurithi, kiti chako kinabaki wazi na watu wa Wexcombe wanatafuta mwingine. Basi. Sheria yenyewe ni hiyo.

AMBROSE: Unaongea kama wakili.

LETTICE: Nimeisoma mara nne. Wewe?

AMBROSE: Daphne alinisimulia.

LETTICE: Mhh.

AMBROSE: Usinigunie, dada. Mimi nilidhani wewe ndiye ungenizuia. Vizazi kumi na moja. Nikikana, jina linalala mpaka nife.

LETTICE: Lilale. Halijachoka kwa kazi, lakini lilale.

AMBROSE: Baba alikaa kwa Malodi miaka arobaini na mmoja.

LETTICE: Akasimama kusema mara mbili. Ya kwanza kuhusu samaki wa mtoni, ya pili kuisahihisha ya kwanza.

AMBROSE: Alikuwa msikilizaji.

LETTICE: Alikuwa amelala. Nilimpenda baba yangu, Mungu amlaze pema, ila alikuwa amelala. Na ile hotuba yako ya pale mnadani? "Cheo si koti, kwamba baba akifa unalivaa, unajitazama, unasema limenikaa." Watu wazima walitoa leso.

AMBROSE: Ilikuwa hotuba nzuri ile.

LETTICE: Asante.

AMBROSE: Nani kakus— aa. Ndiyo. Uliigusagusa.

LETTICE: Niliigusagusa kuanzia neno la kwanza.

AMBROSE: Lakini niliisoma vizuri.

LETTICE: Uliisoma vizuri. Ukurasa wa tatu uliuruka, hakuna aliyegundua.

[laini inakwaruza]

AMBROSE: —unanisikia? Nasema mtu anaweza kuwatetea wanyonge hata akiwa kwa Malodi. Pengine ndiko wanakohitajika watetezi. Ndani kwa ndani.

LETTICE: Ndani ya joho jekundu lenye manyoya.

AMBROSE: Joho ni nguo tu. Nondo wamelila sana?

LETTICE: Kwani hujui?

AMBROSE: Nitajuaje?

LETTICE: Siku ya mazishi, watu wakila keki huko chini, mimi nilipanda kufuata shali. Mlango wa chumba cha baba ulikuwa wazi. Wewe ulikuwa umesimama mbele ya kioo, umelivaa joho.

AMBROSE: Dada—

LETTICE: Unajiinamia. Mara mbili, na ya pili ulikunja na goti.

AMBROSE: Kulikuwa na baridi mle chumbani.

LETTICE: Mwezi Juni, kiangazi kimepamba moto.

AMBROSE: Kwa hiyo ulijua siku zote hizi.

LETTICE: Nilijua. Miaka kumi na tisa unaimba sizitaki mbichi hizi, sasa zimeiva na zimekuangukia mkononi. Sikucheki. Ila saini. Watu wa Wexcombe—

AMBROSE: Watu wa Wexcombe, watu wa Wexcombe. Juzi jamaa mmoja kanikaba pale stesheni, ananiuliza mfereji wake vipi. Mfereji gani? Hata jina lake silijui.

LETTICE: Bwana Tuckwell. Umeziba tangu Krismasi. Nimeshaandika barua tatu.

AMBROSE: Kwa jina langu?

LETTICE: Kwa la nani tena?

AMBROSE: Sasa unaona? Na Daphne ameshachapisha karatasi za barua zenye taji juu. Muuza nyama anamwita Ledi, anampa figo za bure. Nikirudi leo nimwambie nini? Nani huyo anacheka?

LETTICE: Bi Prewett. Amepita kunywa chai.

AMBROSE: Prewett mwenyekiti wetu wa chama? Aje Thornmere Jumanne?

LETTICE: Chai haina Jumanne. Anapenda jamu yangu.

AMBROSE: Usimwambie kuwa—

LETTICE: Simwambii kitu. Sarafu zako zinatosha?

AMBROSE: Zipo chache. Sikia, dada. Nisemee jambo moja. Sema tu, Ambrose, usisaini, shika jina la baba. Basi. Nitawaambia watu, dada yangu mkubwa alinisihi, ningefanyaje.

LETTICE: Aa. Kumbe ndicho ulichopigia simu.

AMBROSE: Neno moja tu.

LETTICE: Siwezi.

AMBROSE: Kwa nini?

LETTICE: Kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba hii, Ambrose. Ulipozaliwa nilikuwa na miaka sita. Nilikaa ngazini na soksi moja, kengele za kanisa zinalia kijiji kizima kijue Lodi amepata mrithi. Nikamuuliza yaya, zangu zililia siku ngapi? Akanifunga kiatu. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Ningezaliwa mwanamume, karatasi hiyo ingekuwa mfukoni mwangu. Sasa niombe kitu kingine, usiniombe nikubembeleze uchukue cheo hicho.

AMBROSE: Sikujua.

LETTICE: Hukuuliza. Haya, saini, peleka, rudi kazini. Kesho kutwa kuna wafugaji, Jumamosi wazee wa pale kanisani, Jumatatu mfereji.

AMBROSE: Jumatatu mfereji?

LETTICE: Utaingia mwenyewe na viatu vya mpira. Na barua utajibu mwenyewe, zimefika mia na kitu. Mimi nimechoka kuwa kalamu ya mtu.

AMBROSE: Barua mia?

LETTICE: Na kitu.

[laini inakwaruza, halafu sauti ya karatasi]

LETTICE: Ni nini hicho?

AMBROSE: Upepo.

LETTICE: Ndani ya kibanda?

AMBROSE: Nimeichana, dada. Vipande vinne.

LETTICE: Wanaweza kukupa nyingine. Bado una nusu saa.

AMBROSE: Sitaki nyingine.

LETTICE: Nataka niisikie kwa mdomo wako. Una hakika? Asije mtu kesho akasema Lettice alinisukuma.

AMBROSE: Wewe umenisukuma upande wa pili muda wote. Nina hakika. Kuna bibi nje ananigongea kioo, na bado nina hakika. Nimechagua mwenyewe.

LETTICE: Umechagua mwenyewe. Bi Prewett umesik— basi, sawa.

AMBROSE: Mbona sauti inakutetemeka? Unalia?

LETTICE: Laini mbovu.

[mlio wa kudai sarafu]

AMBROSE: Nimebakiwa na peni mbili, kidude hiki hakizitaki. Haraka, dada. Ile hotuba yangu ya kwanza kule kwa Malodi. Fupi tu, dakika sita. Utaniandikia, si ndiyo?

LETTICE: Hapana, mdogo wangu. Nitakuwa na kampeni.

AMBROSE: Kampeni ya nani?

LETTICE: Kiti cha Wexcombe kiko wazi, au nimekosea sheria?

AMBROSE: Dada, kampeni ya nani?

LETTICE: Yangu. Msalimie Daphne. Na joho lako liko kabatini, usihangaike na nondo. Matundu nimeshayashona yote, nilianza kesho yake ya mazishi.

AMBROSE: Lettice, ina maana ule mwezi mzima uli—

[simu imekatika]