Giza Anashuka Kutoka Chumba cha Mashine

Miaka thelathini na mitatu si lelemama. Ndiyo miaka ambayo mwendesha mashine wa ukumbi wetu wa sinema ameipanda ile ngazi ya chuma nyuma ya jengo, na tarehe thelathini ya mwezi huu ataishuka kwa mara ya mwisho, astaafu. Sisi tunamwita Giza, kwa kuwa ndiye anayetuzimia taa. Wengine mmefanya naye kazi miaka nenda miaka rudi, na jina lake la kuzaliwa hamlijui. Msinitazame mimi. Kamuulizeni.

Alianza enzi za filamu za makopo, nzito kama mawe ya kusagia. Mkanda ulikatika, akaunga. Watu wa chini wakapiga miluzi na kuwatukana hata babu zake, akaunga. Siku moja alichanganya makopo, jambazi akazikwa kwanza, ndipo akaja kukamatwa. Nusu ya watazamaji walitoka wakiwa na hakika wamemwona mzuka. Chekeni tu. Ninyi na kompyuta zenu, picha ikiganda mnamkimbilia nani?

Lakini kinachomfanya akumbukwe ni ile filamu ya msukuma mkokoteni wa maji na binti wa dobi, iliyozoa tuzo kila ilikopita. Kisa chenyewe unaweza kukisimulia ukimenya kitunguu kimoja: mwanamume anapenda, hana kitu, anaona aibu, anaondoka ili mwenzake apate mwenye nacho. Katikati kuna kipande kirefu kisicho na neno wala muziki. Binti anapiga pasi shati pekee la yule bwana, mwenyewe kajifunga shuka, paa linavuja kwenye beseni. Basi.

Onyesho la kwanza watu wakadhani mashine imeharibika. "Giza, sauti! Umelala?" Wengine wakadai warudishiwe hela zao. Naye kwa hasira, ili aonyeshe kwamba kosa si lake, akafungulia sauti hadi mwisho. Kumbe! Tone likalia kwenye beseni kama kengele. Tukasikia makaa yakipasuka ndani ya pasi, tukamsikia mwanamume akimeza mate. Ukumbi mzima ukanyamaza, na mimi pale mlangoni nikasahau kufagia. Hapo nikajua tuzo zile ni za nini. Waliotengeneza filamu ile hawakumlilia maskini wala hawakumpamba. Walimtazama kwa adabu, kama mtu wa maana, na mapenzi yakaonekana yenyewe bila kuhubiriwa. Tangu siku hiyo, kila onyesho, Giza alifungulia sauti pale pale.

Sasa niseme lile ambalo meneja hatalisema. Wakati ule Giza alikuwa mjinga kuliko huyo msukuma mkokoteni. Alipendana na binti mshonaji aliyetushonea vitambaa vya viti, na kila mtu alijua isipokuwa viti vyenyewe. Lakini bwana mkubwa Giza eti haoi mpaka ajenge! Chumba cha kupanga si mahali pa kumweka mtoto wa watu, alisema. Shangazi wa binti akachoka, akaleta mchumba mwenye duka, akataka jibu Jumapili.

Ijumaa yule mshonaji akaja kuitazama filamu. Ilipokwisha hakuelekea mlangoni, alipanda ngazi. Tuliokuwa chini tukiokota maganda ya karanga tulisikia yote.

"Wiki nzima unaionyesha. Umeona nini?"

"Nimeona mkanda haujakatika."

"Yule mjinga kaondoka akidhani anamsaidia mwenzake. Binti aliulizwa? Na wewe, nani kakutuma unichagulie nyumba? Jumapili shangazi anataka jina moja tu."

Mkata tiketi akangoja jibu, akashindwa kuvumilia, akapaza sauti kutoka chini: "Giza, sauti! Umelala?"

Ndipo tukamsikia. "Mwambie shangazi nakuja. Ila chumba changu kinavuja."

"Beseni ninalo."

Wakaoana. Wamelea watoto watatu, watu wazima sasa, wenye heshima zao. Nyumba ilikuja baadaye sana, polepole, na sijaona aliyekonda kwa kuingoja wakiwa wawili.

Lina dosari moja tu penzi hili. Miaka yote mume yuko juu, mke yuko chini. Hawajawahi kukaa pamoja filamu ikaanza hadi ikaisha. Kwa hiyo Jumamosi, siku ya kumuaga, baada ya hotuba, na meneja hotuba iwe fupi, filamu ile itaonyeshwa tena na mkata tiketi ndiye atakayekaa kwenye mashine. Giza, mwanangu, utaketi safu ya katikati ubavuni mwa mkeo. Picha ikiganda, usiinuke. Watu wakipiga miluzi, usigeuke nyuma. Kazi umeifanya, na tunakushukuru. Mungu akupe siku njema na nyingi, na uzitazame ukiwa umeketi.