Aliyezipatanisha Seva Tatu

Ndugu, jamaa na marafiki, tunayemzika leo ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mimi nilikuwa na miaka sita, na tangu siku ile mgongo wa mama ukawa wake. Sikuufurahia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akamaliza sekondari ya ufundi 1993, kisha chuo cha kompyuta. Mimi niliishia darasa la saba, nikaanza kuuza vipuri vya redio mezani hadi nikafungua duka la kompyuta. Mashine ya kwanza yeye kuifungua ilikuwa yangu. Aliirudisha ina kasi zaidi kuliko nilivyoinunua, na wateja wangu wakaanza kumuulizia yeye.

Tarehe 2 Februari 1998 aliajiriwa hospitalini, chumba cha seva kinachotazamana na dobi. Wakati ule mfanyakazi alikuwa na nenosiri la wodini, lingine la maabara, lingine la stoo ya dawa, maana kila idara ilikuwa na seva yake, kompyuta kuu inayotunza majina na nenosiri za wafanyakazi. Akibadilisha moja, mengine yanabaki ya zamani. Mwaka 2001 marehemu aliziunganisha seva zote tatu, ili nenosiri likibadilishwa popote libadilike kote. Akakosea: kila seva ilidhani yake ndiyo mpya, zikarushiana nenosiri la zamani na jipya asubuhi nzima, watu wote wakafungiwa nje. Alisimama mlangoni akiomba radhi mmoja mmoja.

Muuguzi mkuu akamwambia, "Mwanangu, seva zako zina ugomvi wa mawifi."

"Basi mama, leo nazitafutia mama mkwe."

Akaipa seva ya wodini kauli ya mwisho. Inaitwa Mama Mkwe mpaka leo.

Miongoni mwa waliofungiwa nje alikuwemo mfamasia aliyekuja juu kuliko wote. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 2003, wakajaliwa mabinti wawili. Hata mke alimpata kwa kosa. Makosa yangu hayajawahi kunipa kitu.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2022. Alipojua hatarudi kazini, ilibidi amkabidhi mtu Mama Mkwe. Nikamfuata wodini. "Mdogo wangu, niachie mimi. Kazi ibaki kwenye ukoo."

Alicheka hadi akakohoa. "Kaka, wewe utamuuzia kila mtu nenosiri lake mwenyewe!"

Akamchagua fundi mwenzake, mwanamke aliyefanya naye kazi miaka tisa. Alimfundisha kitandani wiki sita, na mimi na chupa yangu ya chai tukaambiwa tusubiri nje. Sijawahi kumwonea mshindani yeyote sokoni wivu niliouonea mlango ule.

Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini. Jumatatu yake fundi yule alilifunga jina la marehemu la kuingilia kwenye mfumo, kwa Mama Mkwe, kama inavyotakiwa mfanyakazi anapoondoka. Ndani ya dakika mbili likajifunga lenyewe maabara na stoo.

"Kaka, nilitamani seva igome hata kidogo," aliniambia.

Haikugoma.

Ameacha mama yetu, mjane, mabinti wawili, dada mmoja na mimi. Fundi huyo nilimkata kwenye rasimu mbili za wasifu huu. Leo nimemwandika, maana alipewa kazi ya ndugu yangu na ameifanya sawasawa. Wivu bado ninao.

Mola ampe mdogo wangu pumziko lenye amani.