Foleni ya Farasi wa Mfalme

Basi letu la kwenda Lambeth, jijini London, lilikwama kabla ya daraja, gwaride la mfalme likipita mbele.

"Vumilia, mama, ni siku moja tu," alisema mzee mwenye kibendera.

Bibi aliyepakata bakuli la pudini alimgeukia. "Juzi marathoni, jana mpira, leo mfalme. Yangu ni ipi? Mume wangu Cyril yuko wodini ng'ambo ya daraja na saa ya kumwona inakwisha."

Dereva akatangaza safari inaishia hapo. Tulishuka tukimwambia asante mmoja mmoja, maana London hata ukitupwa njiani unashukuru. Bibi naye alishukuru, kisha akapenya chini ya kamba ya polisi.

"Mama, farasi wanakuja," mzee alimwita.

"Basi wapange foleni nyuma yangu."