Lorna Faye Stiltner, Muuguzi Aliyeishuku Sukari

Lorna Faye Stiltner alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 huko Cutler Fork, West Virginia, binti wa tatu wa Hobart Burgess, mchimbaji wa makaa ya mawe, na mkewe Ina. Alilala chumba kimoja na bibi yake mzaa mama, ambaye alikuwa mgonjwa wa sukari na ambaye kila alipoulizwa alijibu kwamba hajagusa kitu kitamu tangu Krismasi. Lorna, akiwa na miaka minane, hakuridhika. Siku moja aliinua godoro akakuta makaratasi ya peremende. Hakumwambia mtu. Aliyarudisha yalipokuwa, akabaki kumtazama bibi kwa jicho la pembeni, mpaka bibi alipokatwa mguu na, mwaka uliofuata, akafariki. Dada zake wanasema tangu hapo Lorna hakuamini tena mtu yeyote aliyemwambia "sijala kitu".

Alisoma Cutler Fork, akamaliza sekondari mwaka 1974, kisha akaenda Charleston kusomea uuguzi. Alihitimu mwaka 1977 na kurudi nyumbani, jambo lililowashangaza wengi, kwa kuwa waliokuwa wakiondoka miaka ile hawakurudi.

Huko nyumbani alikutana na Everett Stiltner, fundi wa mabasi ya shule. Everett alikuwa mpole na mkarimu, na Lorna akaanza kushuku kwamba mtu hawezi kuwa hivyo bure. Alikwenda kwa mama yake Everett, akakaribishwa maharage na mkate wa mahindi, na kabla hajamaliza sahani akauliza, "Mama, huyu kijana wako ana kasoro gani?"

"Anakoroma," yule mama akajibu.

"Na nyingine?"

"Mwanangu, kula kwanza."

Walifunga ndoa tarehe 23 Juni 1979 katika kanisa la Kibaptisti la Cutler Fork. Walijaliwa watoto wawili, Darrell na Joetta.

Lorna alifanya kazi wodini kwa miaka mingi, kisha akarudi chuoni, na mwaka 1996 akapata idhini ya kuwa muuguzi anayepima, kutibu na kuandika dawa mwenyewe. Aliwekwa katika zahanati ya Cutler Fork. Karibu kila nyumba ya bonde lile ilikuwa na mtu wa sukari, na Lorna aliona kwamba anayoyajua hayatoshi. Akaanza kusomea cheti cha utaalamu wa juu wa matibabu ya kisukari. Alisoma mezani jikoni akiwa na umri wa miaka hamsini na moja, huku Everett akimsomea maswali na kuyatamka vibaya majina ya dawa.

Alifanya mtihani Charleston mwezi Oktoba 2007. Kompyuta ilipomwambia amefaulu, alimwita msimamizi. "Samahani dada, mashine hii imenichanganya na mtu."

"Jina hili si lako?"

"Jina ni langu. Matokeo ndiyo nayatilia shaka."

Alitoka nje na uso mzito, hata Everett, aliyekuwa akimngoja garini, akaanza kumpa pole.

Cheti kilipotundikwa ukutani, watu nao walikishuku. Wengine walisema ametumwa na watu wa bima aje kuwanyang'anya wazee soda zao. Yeye hakubishana nao. Mzee mmoja alipomletea kipimo chenye namba nzuri kupita kiasi, alikitazama, akamtazama na mwenyewe. "Hii ni damu ya nani?"

"Ya mke wangu," mzee akasema.

"Basi mke wako ni mzima. Lete kidole."

Jambo linalofuata Lorna mwenyewe aliagiza lisiachwe. "Msinipake rangi," alisema. "Watu wa Cutler Fork watakuwa wamekaa pale mazishini wanasikiliza."

Mwaka 2011 mchimbaji mstaafu, Clell Hatcher, alianguka mara kwa mara kwa sukari kushuka, mara ya mwisho akakutwa hana fahamu. Aliyekuwa akimdunga insulini ni mkewe, Opal. Bonde zima lilijua kwamba Clell alikuwa amemtesa mwanamke yule ujana wao wote. Lorna alilitafakari hilo, na wazo lililomjia halikuwa zuri. Alipomuuliza Opal, alijibiwa kwa mkato kwamba kipimo cha dawa ni kilekile. Lorna akapeleka taarifa kwa ofisi inayolinda wazee. Wakaja watu wawili na gari la serikali, mchana kweupe, wakagonga mlango wa Opal Hatcher.

Hawakupata kitu. Jumapili iliyofuata akina mama walihama benchi la Lorna kanisani. Mmoja alimwambia usoni, "Wewe ukiona mtu anapumua, unauliza kwa nini."

Lakini Clell alianguka tena, na Lorna sasa akaanza kuishuku shaka yake mwenyewe. Mtu anayeua, alimwambia Everett, asingeendelea baada ya kubishiwa hodi na serikali. Akaenda kwa Opal peke yake. Aliachwa amesimama barazani muda mrefu kabla ya kufunguliwa.

"Umekuja kumalizia?" Opal aliuliza.

"Nimekuja kuona unavyomdunga."

Clell alikuwa na kalamu mbili za kudungia insulini, moja ya chakula, kali, na moja ya usiku, ya polepole. Zilitofautiana rangi tu. Lorna aliziweka mezani. "Nipe ya usiku."

Opal alinyoosha mkono akachukua ya chakula. Aliizungusha kupima dawa, akihesabu milio yake kwa sikio, bila kosa, na macho yake muda wote yalikuwa dirishani.

"Opal," Lorna alisema, "huoni."

Mama yule akakaa chini. "Ningesema sioni, wangemchukua wampeleke nyumba ya wazee. Pamoja na yote, ni wangu."

Lorna akaomba kidole chake pia. Sukari ya Opal ilikuwa juu kuliko ya mumewe ilivyowahi kuwa. Alikuwa nayo miaka, ikimla macho, na hakuna aliyewahi kumpima, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyempeleka mgonjwa.

Opal alitibiwa, na jicho moja likaokolewa. Lorna alisimama kanisani akasema alimdhania mwenzake mabaya. Opal alijibu palepale, "Nimekusamehe. Ila sijasahau nani aliniletea wale watu." Maneno hayo Lorna aliyaona ya haki.

Mwishoni mwa mwaka 2020 Lorna alijipima akakuta sukari yake imepanda. Daktari wa mjini alimwambia ni umri na ukoo, waanze na vidonge.

"Mimi ni mwembamba, nimepungua kilo sita bila kutafuta, na mwaka jana sukari hii haikuwepo," alisema Lorna. "Kuna kitu kinaisukuma. Nipige picha ya kongosho."

"Bi Lorna, unajishuku bure."

"Basi nipige picha nipate aibu."

Uvimbe ulikuwepo, mdogo, wa saratani. Alifanyiwa upasuaji Januari 2021, akapata miaka miwili ambayo vidonge visingempa. Aliwaona wajukuu wawili wakizaliwa. Ugonjwa ulirudi Februari 2023.

Alikaa nyumbani, Everett akimpa dawa ya maumivu. Kila mara alitaka aone kwanza kiasi kilichovutwa, na mara mbili alimrudisha akapime upya. Tarehe 14 Mei, alasiri, Everett aliinua bomba la dawa kwenye mwanga kama alivyozoea. Lorna hakulitazama. Alimtazama yeye.

"Weka tu," akasema.

Alifariki jioni hiyo, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Everett, watoto wawili, Darrell na Joetta, wajukuu watano, dada zake Nadine na Glenna, na wagonjwa wa bonde lote la Cutler Fork, ambao baadhi yao wameahidi, mbele ya jeneza hili, kusema kweli kwa muuguzi ajaye.

Mungu amlaze salama, na moyo wake utulie.