Mwalimu Godelive na Mahindi ya Madoa ya Bogoro

Mwalimu Godelive alizaliwa Bunia, mtaa wa Bigo, tarehe 14 Machi 1978. Alipata diploma ya serikali mwaka 1998 na graduat, digrii ya miaka mitatu, ya kilimo mwaka 2005. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Clémence, anayewaomba wageni waliotoka Bogoro kuja kumzika wausikilize hadi mwisho. Kusikiliza hakujamuua mtu.

Alifundisha biolojia miaka kumi na minane. Miaka ya mwisho, kila msimu alipeleka darasani mahindi ya madoa, wanafunzi wakahesabu madoa, kisha somo likachemshwa na kuliwa.

Tarehe 12 Agosti 2006 aliolewa na Antoine wa Bogoro. Mama mkwe, marehemu Suzanne, alimpa mbegu zake za mahindi ya rangi ya zambarau, zilizokaushwa juu ya moto wake mwenyewe. Mwaka 2015 mahindi yalitoka na madoa. Shemeji yake Sébastien, mzee wa kanisa, akasimama mbele ya waumini: "Huyu mwanamuke anaroga mashamba!"

"Shemeji, hii mbegu iko ya mama yako," Godelive alimjibu. "Ndani iko kakipande kadogo kenye kuhama. Kakiingia mu jeni ya rangi, kanaivunja, punje inakuwa nyeupe. Kakitoka, rangi inarudi, ndiyo haya madoa. Haiko bulozi, sikuroga kitu."

Akili ni nywele, na Sébastien alizaliwa na upara. Alimfukuza Godelive na watoto wake wawili, Antoine akitazama viatu vyake. Kisha akachoma kila punje yenye doa na kuhifadhi zisizo na doa ziwe mbegu, kutoka mahindi yale yale! Kile kipande kilikuwa kimelala humo humo. Msimu uliofuata shamba la mzee wa kanisa lilijaa madoa, na Godelive alikuwa Bigo, hajakanyaga Bogoro. Wote waliona. Sébastien alisema ni udongo, nao wakaitikia amina.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Hakuna wa Bogoro aliyefika hospitali. Alifariki tarehe 6 Februari 2025, Clémence akimshika mkono.

Ameacha mume, Antoine, ambaye leo amepata njia ya kuja. Watoto, Plamedie na Caleb, ambao shuleni waliitwa watoto wa mchawi. Na mdogo wake. Shemeji Sébastien ameomba kusema neno kwa niaba ya familia. Familia imekataa. Atatupa udongo kama wengine, kisha ataketi.

Lala kwa amani, Mwalimu. Hukuroga mtu.